Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Mipango Miji Dar es Salaam: Msiamue Hatima ya Mtaa kwa Kiwanja Kimoja Kimoja

Kwa waheshimiwa madiwani wajumbe wa kamati za mipango miji na mazingira, wakurugenzi na maafisa mipango miji wa halmashauri za mkoa wa Dar es Salaam, pamoja na viongozi wa Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi.

YAH: MABADILIKO YA MATUMIZI YA ARDHI KATIKA MITAA YA MAKAZI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Ninawaandikia nikiwa mkazi wa jiji hili na mmiliki wa kiwanja kidogo chenye hati ya makazi. Ombi langu ni moja, nami nitalieleza kwa kirefu: acheni kuamua maombi ya kubadili matumizi ya ardhi kwa kutazama kiwanja kimoja kimoja, kana kwamba kiwanja hicho hakina jirani, hakina mtaro unaopita ubavuni mwake, wala hakina shimo la majitaka chini yake.

Sina ugomvi na sheria. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 zinamruhusu mmiliki kuomba kubadilishiwa matumizi, na ni vyema ziruhusu, kwa sababu jiji haliwezi kubaki kama lilivyochorwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 5,383,728. Watu milioni moja walioongezeka ndani ya miaka kumi wanahitaji mahali pa kulala, kununua mkate, kutengenezea pikipiki na kuzikia ndugu zao. Anayetaka kila mtaa ubaki wa nyumba za chini zenye bustani anataka jiji liendelee kutambaa hadi Bagamoyo na Kisarawe, likimeza mashamba na misitu njiani. Ghorofa lililopangwa vizuri si adui wa mazingira. Duka la jirani linaloniepusha na safari ya bodaboda ni rafiki wa mazingira kuliko hotuba nyingi za kupanda miti. Wapo pia wastaafu wengi ambao fremu mbili za maduka zilizojengwa kwenye ukuta wa mbele ndizo zinazowapa fedha za dawa, na sitaki barua hii isomwe kana kwamba inawataka wazibomoe.

Ninachokilalamikia ni namna maombi yanavyopimwa. Mtu wa kwanza anaomba kubadili kiwanja chake kutoka makazi kwenda makazi na biashara, na jalada lake linasema kwamba athari kwa majirani ni ndogo, jambo ambalo ni kweli. Wa pili anaomba nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili, na jalada lake nalo linasema hivyo hivyo, likiongeza kwamba tayari mtaa una shughuli za biashara. Wa tatu anakuja na ukumbi wa sherehe, wa nne na godauni la vifaa vya ujenzi, wa tano na baa, na kila mmoja anamtumia aliyemtangulia kama hoja. Hakuna siku hata moja ambayo kikao chochote kilikaa na kuamua kwamba mtaa ule usiwe tena wa makazi, lakini baada ya miaka minane si wa makazi. Mpango uliopitishwa kwa utaratibu mrefu, wenye mchoro, mihuri na sahihi, unafutwa kipande kwa kipande bila mtu yeyote kuwajibika kwa kuufuta.

Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ni mfano ambao kila mmoja wenu anaujua. Maeneo hayo yalipimwa katika miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja na huduma uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa ajili ya watu wa kipato cha chini na cha kati ambao wangejenga taratibu kadiri ya uwezo wao. Viwanja vingi vilikatwa vidogo. Barabara za ndani zilipimwa kwa ajili ya mtaa wa familia, na maeneo ya shule na ya wazi yalitengwa kwa hesabu ya familia hizo hizo. Leo sehemu kubwa ya Sinza inajulikana nchi nzima kwa baa na nyumba za wageni, na upo mzaha wa zamani kwamba Sinza hulala saa kumi na mbili asubuhi. Wanaocheka mzaha huo kwa kawaida hawana mtoto anayeamka saa kumi na moja kwenda shule. Naandika hivi bila kuwabeza wafanyabiashara wa huko, kwa kuwa wengi wao walifuata utaratibu uliokuwepo, wakalipa ada na wakapewa leseni. Waliokosa kuulizwa ni wale waliobaki kuishi katikati yao.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye suala la maji, kwa sababu hapo ndipo hesabu ya kiwanja kimoja kimoja inaposhindwa waziwazi. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam haijaunganishwa na mtandao wa mabomba ya majitaka. Kila nyumba ina chemba na shimo lake, na shimo hilo lilichimbwa kwa kukadiria watu sita au wanane. Kiwanja kile kile kinapogeuka kuwa jengo la ghorofa nne lenye familia kumi na sita, au ukumbi unaopokea wageni mia tatu kila Jumamosi, shimo halikui kwa kuwa ruhusa imetolewa. Mwenye jengo anatakiwa kuita gari la kunyonya majitaka mara kwa mara, na kila safari ina gharama. Sote tunajua kinachofuata. Mvua kubwa ya masika inaposhuka usiku, vifuniko vinafunguliwa na vyoo vinatapishwa mtaroni, maji meusi yanateremka na maji ya mvua mbele ya mageti ya watu, na asubuhi watoto wanayavuka kwa kuruka juu ya matofali yaliyopangwa na wasamaria. Jirani wa kiwanja cha chini, ambaye hajabadili matumizi ya kitu chochote, ndiye anayepokea. Kisha maji hayo yanaingia Mto Sinza, yanafika Msimbazi na hatimaye baharini. Au yanapita Mlalakuwa, mto unaotoka upande wa Chuo Kikuu na kumwaga bahari ya Kawe, ambako watu wanavua na kuogelea. Jiji hili limepata mlipuko wa kipindupindu zaidi ya mara moja, na njia ya ugonjwa huo si siri kwa afisa afya yeyote.

Upo upande wa pili wa maji hayo hayo. Udongo wa ukanda wetu wa pwani kwa sehemu kubwa ni wa kichanga, nao hunywa mvua kwa haraka pale unapoachwa wazi. Kiwanja cha makazi chenye mwembe, mpapai na kipande cha mchanga nyuma ya jiko kilikuwa kinameza sehemu kubwa ya mvua yake chenyewe. Kinapokuwa cha biashara, jambo la kwanza ni kuzungushia ukuta, la pili ni kukata mwembe, na la tatu ni kutandika pevingi kutoka ukuta hadi ukuta ili magari ya wateja yaegeshwe. Hakuna afisa atakayekataa ombi kwa sababu ya pevingi za kiwanja kimoja, wala mimi nisingelikataa. Lakini viwanja thelathini vilivyotandikwa pevingi katika mtaa mmoja vinapeleka mtaroni mto mzima, kwenye mtaro uleule uliojengwa kwa makadirio ya bustani thelathini. Baadaye inatafutwa fedha ya mkopo kujenga mtaro mkubwa zaidi, kama ilivyofanyika katika maeneo kadhaa kupitia Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam, DMDP, na deni hilo linalipwa na Watanzania wote, akiwemo mkulima wa Namtumbo ambaye hajawahi kuiona Sinza. Wakati huohuo maghorofa na mahoteli yanachimba visima virefu kwa sababu maji ya bomba hayatoshi, na wakazi wa Mikocheni na Msasani watawaeleza nini hutokea visima vinapovuta maji mengi kuliko mvua inavyorudisha ardhini: bahari huingia kwa chini, na kisima kilichokuwa cha maji baridi kinatoa maji ya chumvi.

Nisingependa kuonekana kwamba nawanyooshea kidole wananchi peke yao. Mpango Kabambe wa Jiji wa mwaka 1979 ulilitambua Bonde la Msimbazi kuwa eneo hatarishi lisilofaa kujengwa. Hata hivyo, mabasi yaendayo haraka yalipoanza kutoa huduma mwaka 2016, karakana yake kuu ilikuwa imejengwa Jangwani, ndani ya bonde hilohilo, ambako wakazi wengine walikuwa wamewekewa alama ya X nyekundu na kuhamishwa baada ya mafuriko makubwa ya Desemba 2011, baadhi yao wakapelekwa Mabwepande. Mto haukuusoma ule uamuzi. Karakana ilifurika, mabasi yakaharibika, barabara ya Jangwani ikawa inafungwa mvua ikizidi, na sasa kuihamisha karakana hiyo ni sehemu ya kazi za mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, mradi ambao mwaka 2022 uliidhinishiwa mkopo wa dola milioni 200 na Benki ya Dunia. Naamini waliopitisha eneo lile walikuwa na sababu zilizoonekana nzuri siku ile: ardhi ilikuwa wazi, ipo katikati ya jiji, na haikuhitaji fidia kubwa. Ndivyo sababu za kila ombi la kubadili matumizi zinavyosomeka ukizisoma peke yake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, ziwa na fukwe. Tembeeni kando ya mito yetu yoyote mwone mita 60 hizo zimebaki wapi.

Kuhusu vituo vya mafuta sitasema mengi, kwa kuwa malalamiko yake yamezungumzwa sana. Ninachotaka mkitazame ni jinsi maamuzi yanavyogawanywa. Mamlaka ya udhibiti wa nishati inaangalia kama ujenzi umekidhi masharti yake, Baraza la Mazingira linaangalia tathmini ya athari kwa mazingira, Jeshi la Zimamoto linaangalia usalama wa moto, halmashauri inaangalia matumizi ya ardhi na kibali cha ujenzi, na wa barabara anaangalia mahali pa kuingilia magari. Kila taasisi inapima kipande chake kwa uaminifu, na kila cheti kinachotoka kinatumika kuombea kinachofuata. Swali la msingi, yaani kama kona hiyo ya makazi, yenye zahanati upande mmoja na shule ya awali upande wa pili, inahitaji kituo cha tatu cha mafuta ndani ya mwendo wa dakika tano, halina mwenyewe. Mwananchi anapoliuliza halmashauri anaambiwa vyeti vyote vipo, na kwenye taasisi ya vyeti anaambiwa matumizi ya ardhi ni jambo la halmashauri.

Sasa nije kwenye ushirikishwaji. Katika mtaa ninaokaa, ambao sitautaja kwa kuwa nia yangu si kumshitaki mtu, tangazo la kusudio la kubadili matumizi ya kiwanja kimoja lilikuwa karatasi ndogo ndani ya plastiki, iliyofungwa kwa waya kwenye geti la ndani la kiwanja chenyewe, nyuma ya rundo la kokoto. Ilitaja namba ya kiwanja na kitalu, ikasema mmiliki anakusudia kubadili kutoka makazi kwenda "makazi na biashara", ikaishia hapo. Haikusema kama biashara hiyo ni duka la dawa au ukumbi wa muziki wa watu mia nne. Ndani ya kundi hilo moja la matumizi vinaweza kuingia fundi cherehani na jenereta la kilowati mia mbili, na majirani hawawezi kukubali au kupinga kitu wasichokijua. Baadaye tulionyeshwa muhtasari wa kikao cha mtaa uliodai kwamba wakazi waliridhia, ukiwa na kiambatisho cha majina na sahihi zetu. Sahihi zilikuwa za kweli. Zilikuwa orodha ya mahudhurio ya kikao kilichoitishwa kujadili ulinzi shirikishi na uzoaji wa taka.

Jambo kama hilo haliwezi kutokea kama sheria ingekuwa inafuatwa kwa moyo wake. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira kinampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na sheria hiyohiyo inataka umma upewe taarifa na nafasi ya kushiriki katika maamuzi ya mazingira. Wapangaji pia ni umma. Nalisema hili kwa sababu katika jiji ambalo watu wengi wamepanga, utaratibu wa kuwauliza wamiliki wa viwanja pekee unawaacha nje wale wanaolala chumba kinachopakana na spika.

Lipo pia tatizo la kujenga kwanza na kuomba baadaye. Mmiliki anaanza msingi usiku, mkaguzi anafika na kuandika zuio la ujenzi kwa rangi nyekundu ukutani, kazi inasimama wiki mbili, kisha inaendelea siku za mapumziko. Ghorofa ya pili inapofika, ombi la kubadili matumizi linawasilishwa, na hoja kubwa kwenye jalada ni kwamba mwekezaji amekwisha kutumia fedha nyingi. Faini inalipwa na hati inarekebishwa. Kwa mwekezaji wa aina hiyo faini ni gharama ya kawaida kama saruji na nondo, naye huiweka kwenye bajeti tangu mwanzo. Anayeumia ni yule mwombaji mwaminifu aliyesubiri miezi kadhaa ili ajibiwe kwa maandishi.

Naelewa kwamba halmashauri zinahitaji mapato, na kwamba kiwanja kinapotoka makazi kwenda biashara, kodi ya pango la ardhi, ada za vibali na ushuru wa huduma vinapanda. Si dhambi kutafuta mapato. Lakini mahesabu hayo yanaandika upande mmoja tu wa daftari. Upande wa pili kuna mtaro utakaopanuliwa, barabara ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) iliyovunjwa na malori ya mchanga, zahanati iliyojaa wagonjwa wa kuhara baada ya masika, na thamani ya nyumba za majirani ambao hawawezi tena kumpata mpangaji mwenye familia. Sijawahi kuona muhtasari wa kamati yoyote ukizijumlisha gharama hizo kabla ya kupitisha ombi.

Ninachoomba kinawezekana ndani ya sheria zilizopo. Kila halmashauri iwe na rejesta ya mabadiliko yote ya matumizi ya ardhi, mtaa kwa mtaa, inayobandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa na kuwekwa kwenye tovuti, ili ombi jipya lisomwe pamoja na yote yaliyolitangulia. Mabadiliko yakifikia kiwango ambacho wataalamu wenu watakipanga, maombi ya mtaa huo yasimame mpaka mpango wa mtaa mzima upitiwe upya kwa uwazi, pamoja na tathmini ya kimkakati ya mazingira ambayo Sheria ya mwaka 2004 imeiweka lakini kwenye ngazi ya mtaa ni kama haipo. Kama tutakubaliana katika mapitio hayo kwamba Barabara ya Shekilango inayopita Sinza yote iwe ya biashara, basi na iwe, na mabomba ya majitaka yatangulie mbele ya baa. Tangazo la kusudio liseme biashara gani, saa ngapi, watu wangapi, majitaka yataenda wapi na magari yataegeshwa wapi, na lipelekwe kwa barua kwenye kila kaya inayopakana na kiwanja, kwa mmiliki na kwa mpangaji. Kamati ikikubali au ikikataa, itoe sababu kwa maandishi. Ruhusa za shughuli zenye kelele, moshi au mafuta zitolewe kwa muda, na zipitiwe upya kwa kuwasikiliza majirani, badala ya kuwa za milele. Na jengo lililoanza kabla ya ruhusa lisipate ruhusa kwa kigezo cha fedha zilizokwisha kutumika. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote kisiasa, na ndilo ambalo bila hilo mengine yatabaki kwenye makaratasi.

Jiji hili lilikaa miaka mingi likitumia mpango wa mwaka 1979 uliokwisha muda wake, na katika kipindi hicho ilikuwa rahisi kujitetea kwamba mchoro umepitwa na wakati. Sasa upo mpango mpya wa kipindi cha 2016 hadi 2036, na karibu nusu ya muda wake imekwisha kupita. Naomba kila halmashauri ieleze, katika mikutano mikuu ya mitaa ya robo mwaka ijayo, ni viwanja vingapi vya makazi katika kila mtaa vimebadilishwa matumizi tangu mpango huo uanze, vimekuwa vya shughuli gani, na vilipitishwa katika vikao vya tarehe zipi. Takwimu hizo zimo kwenye majalada yenu. Sisi tutakuja na viti vyetu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi na mlipakodi,
Dar es Salaam

Nakala: TAMISEMI, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, wenyeviti wa serikali za mitaa, mkoa wa Dar es Salaam.